Nyumba Isiyouzwa: Wakfu wa Kizazi katika Pwani ya Afrika Mashariki

Wauzaji wa bima na mawakili wanaohimiza watu waandike wasia wana maelezo yao kuhusu sababu ya watu wetu kusitasita. Wanasema tunaogopa kutaja kifo, tunaona kupanga mirathi mapema ni kujichuria, na tumezoea kuuachia ukoo ujitafutie njia msiba ukishatokea. Maelezo hayo yana ukweli wake katika sehemu nyingi za nchi zetu. Yakipelekwa Lamu, Mombasa, Unguja na Pemba, yanagonga ukuta. Huko wazazi wenye nyumba, viunga na mashamba walikaa mbele ya kadhi na mashahidi wakiwa wazima wa afya, wakatamka nani atakaa chumba kipi, nani atakula mapato ya minazi ipi, na mali itakwenda kwa nani kizazi kikikatika. Chombo chao kikuu kilikuwa wakfu wa kizazi, yaani mali iliyofungwa isiuzwe, isirithiwe wala isiwekwe rehani, ili watoto na wajukuu waishi kwa manufaa yake. Hoja yangu ni kwamba historia ya chombo hiki haionyeshi wazazi walioshindwa kupanga. Inaonyesha mipango mizuri iliyokosa mlinzi baada ya mwenye kuipanga kuzikwa, na kasoro hiyo haikuondoka wakati bima ya maisha ilipoingia.

Ili kuelewa kwa nini wasia wa kawaida haukuwatosha, inabidi kuanza na hesabu za mirathi. Mwislamu akifa, mali yake hutolewa kwanza gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia, na kinachobaki hugawiwa warithi kwa mafungu yaliyokwisha kuwekwa. Wasia wenyewe hauruhusiwi kuzidi theluthi ya mali, na katika madhehebu ya Sunni hauwezi kumwongezea mrithi kitu isipokuwa warithi wenzake waridhie. Kwa hiyo baba anayetaka kumhakikishia binti yake mdogo mahali pa kulala hawezi kumwandikia nyumba katika wasia, maana binti ni mrithi. Tuchukue mtu aliyeacha mke, wavulana wawili na wasichana watatu. Mke anachukua thumuni. Thumuni saba zilizobaki zinagawika vizuri mno: kila mvulana mbili, kila msichana moja. Kwenye karatasi ni haki tupu. Lakini mali ikiwa ni nyumba moja ya mawe, thumuni ya nyumba ni nini? Ni nusu ya sebule au ni ngazi? Mrithi mmoja akidai chake kwa fedha taslimu, nyumba itauzwa, na kizazi cha pili, mafungu yakishakatwa tena na tena, kumpata mdai mmoja wa namna hiyo ni jambo la hakika.

Njia ya kwanza ya kukwepa mtego huo ilikuwa hiba, mali inayotolewa mtoaji akiwa hai. Lamu ndiyo inayotupa mfano ulio wazi zaidi, kwa sababu ushahidi wake umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Nyumba kubwa za mji huo, nyingi za karne ya 18, zilikuwa za familia zilizotazamia binti abaki nyumbani na mume ndiye ahamie. Baba aliyejaliwa alimpa binti yake nyumba au sehemu ya nyumba anapoolewa. Akiwa na mabinti wawili, alipandisha ghorofa nyingine juu ya ile ya kwanza, au alijenga wikio, chumba kinachovuka juu ya njia na kuunganisha nyumba mbili, ili mama na binti watembeleane bila kushuka uchochoroni. Watalii huupiga picha wikio kama pambo. Kwa kweli ni mpango wa mirathi uliofanyiwa kazi na waashi. Ndoa ikivunjika, aliyefungasha ni mwanamume, na watoto walibaki chini ya dari waliyoizoea.

Hiba, hata hivyo, ina udhaifu ambao kila mzazi mwenye macho aliuona. Kikishakabidhiwa, kitu ni cha aliyepewa kabisa. Binti anaweza kukiuza, kukikopea, au kushawishiwa na mume akitie saini kwa mkopeshaji, naye akifa kinarudi kwenye mafungu yaleyale. Wakfu ulikuja kuziba pengo hili. Anayeuweka hujitoa katika umiliki palepale, wala hasubiri kufa, na kwa kuwa mali haimo tena mikononi mwake, kanuni ya theluthi na mafungu ya warithi havina pa kushika. Madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Pwani, yana masharti makali hapa. Mwenye kuweka wakfu asijiwekee manufaa mwenyewe. Wanufaika wajulikane, na mwisho wa mlolongo wao wawe maskini, msikiti au njia nyingine ya heri isiyokatika. Tena wakfu uliowekwa katika maradhi ya mauti unahesabiwa kama wasia, nao unabanwa na ile theluthi. Mzazi aliyengoja hadi kitanda cha mwisho alikuwa amechelewa. Sheria yenyewe, kwa hiyo, ilimlazimisha kufikiri juu ya kifo chake akiwa bado anapanda mnazi.

Hatari iliyowasukuma wazazi kwenye wakfu haikuwa ugomvi wa ndugu peke yake. Ilikuwa deni, na Unguja na Pemba ndiko linakoonekana vizuri. Karafuu zilizopandwa kwa wingi zama za Sultani Seyyid Said, aliyefariki mwaka 1856, zilifanya mashamba kuwa mali kubwa na pia kuwa dhamana inayopendwa na wakopeshaji. Mkulima wa karafuu hupata fedha kwa msimu, na miti hiyo ina tabia ya kuzaa sana mwaka mmoja na kugoma mwaka unaofuata. Kati ya msimu na msimu familia iliishi kwa mkopo. Mkopo wenyewe mara nyingi ulivikwa vazi la bei ya khiyari: shamba linauzwa kwa maandishi kwa sharti kwamba muuzaji ana hiari ya kulikomboa kwa muda fulani, na muda ukipita limekwenda. Kufikia miaka ya 1930, bei ya karafuu ilipoanguka, mzigo wa madeni ulikuwa mkubwa kiasi kwamba serikali ya kikoloni ilitunga amri ya mwaka 1934 kuzuia mashamba ya Waarabu na Waafrika yasihamishwe ovyo kwenda kwa watu wa nje ya makundi hayo. Kile ambacho serikali ilikifanya mwaka 1934 kwa amri, mzazi mmoja mmoja alikuwa amekwisha kukifanya zamani kwa hati ya wakfu. Shamba la wakfu halikuweza kuwekwa rehani, na mkopeshaji mwenye akili hakulikubali.

Inafaa kutua kidogo kwa wanufaika, maana orodha zao zinaeleza jamii kuliko vitabu vingi. Wakfu za Unguja hazikutaja watoto wa nyumba kubwa pekee. Nyingi ziliwataja watumwa walioachwa huru na mwenye mali, pamoja na kizazi chao, wakapewa haki ya kukaa kwenye kiwanja au kuvuna minazi fulani. Mtoto wa suria, aliyekubaliwa na baba yake, alikuwa huru na mwenye haki sawa na mtoto wa mke wa ndoa, naye aliingia kwenye orodha kwa cheo hichohicho. Ninalitaja hili bila kupamba utumwa. Bwana aliyempa mtu kiwanja cha kukaa alikuwa amekwisha kuichukua nguvu yake ya miaka mingi, na wakfu kwa walioachwa huru ulikuwa pia njia ya kuwaweka karibu na familia kama wafuasi. Hata hivyo, baada ya utumwa kupigwa marufuku kisheria Unguja mwaka 1897, kwa mtu asiye na ukoo wa kumpokea, kiwanja cha wakfu katika Ng'ambo, upande wa pili wa mji wa Unguja, kilikuwa ndicho pahali pekee ambapo mtoto wake angeweza kulala bila kuulizwa kodi.

Wapo wanaosema wakfu wa kizazi ulikuwa hila: njia ya kuwaponyoka wadai na kuwanyima wanawake haki waliyopewa na Kurani. Pingamizi hili si la wageni tu. Wanazuoni wenyewe wamelitoa tangu kale. Kwa upande wa wadai, fiqhi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, ilikuwa na jibu: mtu aliyezama katika deni hana ruhusa ya kuwafungia wadai wake mali, na kadhi angeweza kuubatilisha wakfu huo. Aliyeweka wakfu kabla ya kukopa hakumdanganya mtu, kwa kuwa mkopeshaji alijua, au alipaswa kujua, kwamba shamba si la mkopaji. Upande wa wanawake ni mgumu zaidi. Zilikuwepo wakfu zilizowapendelea wana wa kiume na kuwatupa nje watoto wa mabinti, na hakuna haja ya kuzitetea. Ila Pwani chombo hiki kilikata pande zote mbili. Kwa kuwa mwenye kuweka wakfu alikuwa huru kupanga mafungu, aliweza kuwapa mabinti sawa na wana, au kuwapa wao tu haki ya kukaa nyumbani wakiwa hawajaolewa au wameachika, jambo ambalo mafungu ya mirathi hayakumruhusu. Wanawake nao waliweka wakfu kwa mali yao wenyewe, na walisimamia wakfu. Anayekitathmini chombo hiki kwa hati za upande mmoja tu atapata jibu alilolitaka kabla ya kuanza.

Kwa desturi, mlinzi wa mpango alikuwa msimamizi, mutawali kwa lugha ya sheria, aliyeteuliwa katika hati: mtoto mkubwa, ndugu, wakati mwingine mke. Juu yake alikuwapo kadhi, ambaye kwa sheria ni walii wa asiye na walii. Aya za Kurani kuhusu anayekula mali ya yatima ni kali kiasi kwamba hakuna msimamizi aliyeweza kudai hakuonywa. Onyo la akhera, hata hivyo, ni zito kwa mwenye imani na jepesi kwa mwingine, na kesi za wasimamizi waliokodisha nyumba za wakfu kwa rafiki zao, au waliosahau kuwagawia mabinti, zilikuwapo tangu zamani. Udhaifu huu ndio uliompa mkoloni mlango wa kuingilia. Nchini Kenya na Unguja tume za wakfu ziliundwa mapema: ile ya Unguja iliwekwa kwa amri ya mwaka 1905, na hata makadhi wakatiwa ndani yake. Zilipewa uwezo juu ya wakfu zisizo na msimamizi au zilizosimamiwa vibaya, na juu ya ziada ya mapato. Wapo walionufaika, kwa sababu tume ilitunza daftari na ilidai hesabu. Lakini tume ilikuwa pia ofisi ya serikali iliyotaka mapato. Wakfu wa kiwanja ambao lengo lake lilikuwa mtu akae bure haukueleweka kwa karani aliyezoea kuuliza kila kiwanja kinaingiza rupia ngapi. Mwaka 1928 wakazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya viwanja, na sehemu ya hasira yao ilitokana na kuona ardhi ambayo wazee wao waliikalia kwa ihsani sasa ikihesabiwa kama biashara.

Upande wa bara ya Pwani, Kenya ilitunga mwaka 1908 sheria ya hati za ardhi iliyomtaka kila mwenye madai apeleke ushahidi wake kwa msajili, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya Serikali ya Mfalme. Kwa wakfu jambo hili lilikuwa na uzito wa pekee. Katika fiqhi ya Shafi, wakfu hutimia kwa tamko na huthibitishwa na mashahidi, na maandishi ni nyongeza njema tu. Familia iliyokuwa na hati ya Kiarabu yenye muhuri wa kadhi iliweza kusimama mbele ya msajili. Iliyokuwa na kumbukumbu ya wazee watatu, wawili wao marehemu, haikuwa na la kuonyesha. Hapa mpango wa mzazi haukuvunjwa na mjomba mwizi wala na mtoto mfujaji. Ulivunjwa kwa kubadilishwa aina ya ushahidi unaokubalika, miaka mingi baada ya mpangaji kufa, wakati hawezi kurudi kuandika.

Pigo kubwa zaidi lilitoka mbali, katika kesi ya watu wasiowahi kuiona Mombasa. Mwaka 1894 Baraza la Faragha la London, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufani kwa makoloni, liliamua kesi ya Abul Fata iliyotoka Bengal. Ndugu wawili walikuwa wameweka wakfu kwa watoto wao kizazi baada ya kizazi, na mwisho kwa wajane, mayatima na maskini. Majaji waliona kwamba fungu la maskini lilikuwa mbali mno hata likawa la kujifanya tu. Kwa macho yao, hii ilikuwa familia inayojitafutia mali ya milele kwa kujificha nyuma ya sadaka. Wakautangaza wakfu huo kuwa batili. Waislamu wa India walishangaa, kwa sababu katika dini yao kuwatunza jamaa ni sadaka, tena ya kwanza. Syed Ameer Ali, jaji na mwanasheria wa Calcutta, alikuwa amekwisha kuitetea hoja hiyo mahakamani na katika maandishi yake. Kampeni ilidumu karibu miaka 20, hadi muswada ulioletwa na wakili Muhammad Ali Jinnah ukawa sheria ya mwaka 1913 ya kuzihalalisha wakfu za familia India. Sheria hiyo haikuivuka bahari.

Kwa hiyo Afrika Mashariki ilibaki na maradhi bila dawa. Mahakama zilizofuata mfano wa London zilijikuta zikiwaambia makadhi wa Mombasa na Unguja kwamba hawaijui sheria yao wenyewe. Serikali ya Unguja ilipitisha amri ya kuhalalisha wakfu za familia mwaka 1946. Kenya ilichelewa, na kesi ya Bakhshuwen, iliyotoka huko na kufika hadi London, ikaamuliwa kwa mtindo wa Abul Fata. Hukumu hiyo imechapishwa katika ripoti za sheria za mwaka 1952. Bunge la kikoloni la Kenya ndilo lililoleta dawa kwa kutunga Sheria ya Makamishna wa Wakfu ya mwaka 1951, ambayo ilitamka kwamba wakfu kwa familia na kizazi ni halali, mradi mwisho wake uwe kwa maskini au kwa jambo jingine la heri linalotambuliwa na Uislamu, liwe limetajwa au limefahamika. Ukitazama tarehe hizi utaona urefu wa kipindi ambacho mzazi wa Mombasa aliyeweka wakfu kwa kufuata kila sharti la dini yake alikuwa anawaachia watoto karatasi ambayo mrithi yeyote mwenye wakili angeweza kuichana.

Je, Waingereza hawakuwa na haki ya kuhofia mali inayofungwa milele? Pingamizi hili lina nguvu kuliko yote, na lisijibiwe kwa hasira. Sheria ya Uingereza ilikuwa na kanuni ya muda: mali inaweza kufungwa kwa uhai wa watu waliopo na miaka 21 zaidi, kisha lazima iachiwe. Wakfu hauna kikomo hicho. Lakini tutazame walichofanya kwao. Matajiri wa Uingereza walikuwa wamefunga ardhi kwa vizazi, wakiifunga upya kila mtoto wa kiume alipooa, hata sehemu kubwa ya nchi haikuweza kuuzwa. Walipoona mashamba yanaoza kwa kukosa mtaji, hawakuyatangaza mapatano hayo kuwa batili. Walitunga sheria ya mwaka 1882 iliyomruhusu anayekalia ardhi kuiuza, fedha zikabaki chini ya wadhamini kwa ajili ya familia ileile. Mwaka huohuo walitunga sheria ya mali ya wanawake walioolewa, na kifungu chake cha 11 kilisema kwamba bima ya maisha iliyokatwa na mzazi kwa ajili ya mwenzi au watoto wake ni amana yao, haimo katika mali ya marehemu na haidaiwi na wadai wake, ila tu pale ilipothibitika kwamba ilikatwa kwa nia ya kuwadhulumu. Linganisha na kanuni ya kadhi kuhusu mwenye madeni: roho ni ileile. Nchi iliyomruhusu karani wa London kuwatengea watoto wake fedha zisizoguswa na mdai haikuwa na msingi wa kimaadili wa kumkatalia mwenye shamba wa Pemba. Ilichokuwa nacho ni majaji walioijua hila ya kwao wakaiita mpango, na wasiojua mpango wa wengine wakauita hila.

Hata hivyo, wakfu haukuuawa na London pekee, na kusema hivyo ni kujipendelea. Ulikuwa na ugonjwa wake wa ndani. Nyumba ikishakuwa na wanufaika 40 waliotawanyika Unguja, Dar es Salaam, Muscat na Dubai, hakuna anayepata cha maana katika kodi, na hakuna anayetaka kuchangia boriti. Chumvi ya bahari hula chokaa, dari inashuka, na msimamizi anakodisha vyumba kwa bei ya kuokota. Nyumba nyingi zilizobomoka katika Mji Mkongwe wa Unguja zilikuwa za wakfu. Wanazuoni wa madhehebu ya Hanafi waliruhusu kwa upana mali ya wakfu iliyochakaa ibadilishwe kwa nyingine. Wa Shafi walikuwa wagumu mno katika hilo, na ugumu huo, uliokusudiwa kuilinda nyumba, mara nyingine uliiangusha. Nchi za Kiislamu zenyewe zilichoka: Syria iliufuta wakfu wa kizazi mwaka 1949, na Misri mwaka 1952, miezi michache baada ya maafisa wa jeshi kushika madaraka. Anayeutamani wakfu wa kale kama ulivyokuwa ana kazi ya kueleza kwa nini Cairo iliuacha.

Zanzibar ilikwenda njia nyingine. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 ardhi yote ikawa ya serikali, mashamba yakagawiwa kwa vipande vya ekari tatu, na nyumba nyingi za waliokimbia zikachukuliwa. Wapo waliopata ardhi kwa mara ya kwanza katika ukoo wao, na haki hiyo haifutwi na yaliyowapata wengine. Ila mpango wowote wa mzazi uliotegemea shamba ulikwisha hapo, uwe ulikuwa hiba, wasia au wakfu. Kazi ya wakfu iliendelea kwa sura ya ofisi, ikapewa sheria mpya mwaka 1980 na nyingine mwaka 2007, na leo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inasimamia pia mirathi ya Waislamu wanaofika mbele yake. Ni taasisi yenye umri mrefu, na inafaa ipimwe kwa kipimo kilekile cha mwaka 1905: je, hesabu ya kila nyumba inaonekana na wanaopaswa kula humo?

Kufikia wakati wa Mapinduzi hayo, chombo kingine, bima, kilikuwa kimeingia sokoni. Tanganyika ilianzisha Shirika la Bima la Taifa mwaka 1963, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 shirika hilo likawa peke yake katika biashara ya bima Tanzania Bara kwa miongo mitatu, hadi sheria ya mwaka 1996 ilipofungua milango. Masheikh wengi waliikataa bima ya maisha, wakisema kuna ubahatishaji ndani yake na fedha zake zinazungushwa kwa riba. Kukataa kwao kulidhaniwa kuwa ni uzito wa akili mbele ya jambo jipya, lakini swali lilikuwa la zamani: Ibn Abidin wa Damascus, aliyefariki mwaka 1836, alikwisha kuandika juu ya bima za wafanyabiashara wa baharini. Jibu la kisasa ni takaful, mfuko wa kuchangiana unaosimamiwa kwa ujira, ambao kampuni ya kwanza ya aina hiyo Kenya ilianza kuuza mwaka 2011.

Bima ina ubora mmoja ambao wakfu haukuwahi kuwa nao: inamfaa mtu asiye na nyumba. Mwalimu au utingo hana shamba la kufunga, ila anaweza kukata kiasi kidogo kila mwezi. Huo si ubora mdogo, na ndiyo sababu sikubaliani na wanaosema turudi tu kwenye wakfu. Lakini tazama kilichompata mzazi wa Tanzania aliyekata bima mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati dola moja ilikuwa kama shilingi 7. Kufikia mwaka 1989 dola ilikwisha kupita shilingi 100. Fedha aliyoahidiwa mtoto ililipwa kama ilivyoandikwa, senti kwa senti, na haikutosha kununua alichokusudia baba. Nyumba ya wakfu iliyochakaa ingalau ilikuwa na kivuli. Tena, fedha za bima haziwekwi mkononi mwa mtoto wa miaka 6. Zinapitia kwa mlezi, na mlezi ni mjomba yuleyule wa zamani, ila sasa ana akaunti ya benki. Fomu ya bima huuliza jina la mnufaika kwa msisitizo mkubwa. Hati nzuri za wakfu ziliuliza zaidi ya hapo: zilimtaja msimamizi, zikamtaja atakayemfuata akifa, na zikasema nani ana haki ya kumdai hesabu. Kwa maoni yangu, hapo ndipo wazee waliwashinda waandishi wa fomu za leo.

Kenya ilitunga sheria mpya ya wakfu mwaka 2022, mahali pa ile ya 1951, na mabishano kuhusu nyumba za zamani yatarudi mahakamani kwa muda mrefu ujao. Mabishano hayo huamuliwa kwa hati, na nyingi hazimo katika ofisi yoyote. Zimo ndani ya makasha ya familia, kwa khati ya Kiarabu ambayo wajukuu hawaisomi, zikingoja mchwa. Mwenye kasha la namna hiyo alifungue mwaka huu, amtafute anayeweza kusoma, na apeleke nakala ya hati kwenye Nyaraka za Taifa za Zanzibar au kwa kadhi wa mji wake.